Lenzi ndefu na ukali wa picha: maswali ninayoulizwa sana Malindi

Napiga picha za ndege na vyombo vya bahari, kuanzia mlango wa mto Sabaki mpaka hori ya Mida. Maswali yaliyomo humu ni yale yale ninayoulizwa ufuoni, kwenye matatu ya Watamu na kwa simu usiku, mtu akiwa karibu kutoa pesa zake. Nimeyaandika ili ayasome kabla hajalipa. Jibu linapogusa jingine nimetaja namba ya swali.

## Misingi

1. Lenzi ndefu ni ipi hasa?

Kwa kamera yenye sensa (bamba la ndani linalopokea mwanga) ya milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 50 huona mambo karibu na vile tulivyozoea kwa macho. Ukivuka 85 hivi umeingia kwenye lenzi ndefu, na wapiga picha wa ndege huanzia 300.

Hizo milimita si urefu wa lenzi ukiipima kwa rula. Vioo vya mbele hukusanya mwanga, vya nyuma huutanua kidogo kabla haujafika kwenye sensa, na kwa hila hiyo lenzi ya milimita 400 inaweza kuwa fupi kuliko sentimita 40.

2. Nahitaji milimita ngapi kwa ndege wa Sabaki?

Tupige hesabu na yangeyange. Amesimama, kimo chake tuseme sentimita 60, nawe uko mita 30 kutoka kwake. Kwa lenzi ya 400 taswira yake kwenye sensa ni milimita 8, yaani theluthi ya kimo cha picha. Kwa lenzi ya 600 ni milimita 12, nusu ya picha. Sasa baki na ile ile 400, usogee mita 10. Umepata milimita 12 zile zile. Mita 10 za kutambaa kwenye tope zimekupa sawa na milimita 200 za lenzi, na juu ya hayo hewa iliyo kati yako na ndege imepungua, jambo ambalo lina uzito kuliko watu wanavyodhani (swali la 12).

Kwa hiyo anayeanza namshauri achukue 300 au 400 iliyo nzuri, aiache 600 dhaifu. Na kamera yenye sensa ndogo, ile ya APS-C, hairefushi lenzi. Inakata pembeni tu, ndege akaonekana mkubwa kwa kuwa fremu imekuwa ndogo. Pikseli zake mara nyingi zimesongamana zaidi, basi udhaifu wa lenzi nao hujitokeza upesi.

3. Namba ya f ni nini, na kwa nini f/2.8 inauzwa bei ya pikipiki?

Ni urefu wa lenzi ukigawanywa kwa upana wa tundu linalopitisha mwanga. Lenzi ya 300 f/4 inataka tundu la milimita 75. Lenzi ya 400 f/2.8 inataka milimita 143, karibu upana wa kisahani cha chai. Kusugua kioo cha upana huo bila kasoro, kisha kukipanga na vingine nyuma yake vikae sawasawa, ndiko unakokulipia. Kutoka f/4 kwenda f/2.8 mwanga unaongezeka maradufu, na uzito nao unapanda kwa kishindo.

## Ubora wa kioo

4. Ukisema lenzi ina ubora, unaangalia nini?

Kwanza naiangalia ikiwa wazi kabisa. Karibu kila lenzi ukiibana hadi f/8 hutulia, lakini ndege wa alfajiri hakupi mwanga wa f/8. Nataka kuona manyoya ya shingo yamejitenga moja moja tundu likiwa wazi.

Pili, rangi zinazovuja ukingoni. Mwanga mwekundu na wa buluu haupindi sawa ndani ya kioo, na lenzi inavyokuwa ndefu ndivyo kosa hilo linavyokuzwa. Kipimo changu ni nguzo ya Vasco da Gama: nyeupe, ina msalaba juu, na nyuma yake ni anga tupu. Ipige lenzi ikiwa wazi, mara moja msalaba ukiwa katikati ya fremu, mara moja ukiwa pembeni, kisha kuza picha. Uzi mwembamba wa rangi unaoonekana pembeni tu hauna tatizo, programu ya kompyuta inauondoa. Ukiona weusi na weupe vinapokutana pana ukungu wa zambarau au wa kijani hata katikati ya picha, huo ndio wa kuuogopa. Hupungua ukibana tundu, lakini programu haiufuti vizuri, na ukiulazimisha unaondoka na rangi ya kweli ya manyoya.

Tatu, na hili husahaulika, angalia lenzi inavyofanya ikilielekea jua. Kwetu jua linachomoza baharini, basi asubuhi kila mashua inayotoka iko kati yako na jua. Lenzi yenye mipako hafifu inageuza tanga jeusi kuwa la kijivu, na picha nzima inakuwa kama imemwagiwa maziwa. Lenzi nzuri inauacha weusi uwe weusi.

5. ED, UD, LD, floraiti, PF: herufi hizi zina maana au ni biashara?

Zina maana. ED ya Nikon, UD ya Canon na LD ya Tamron ni vioo maalumu vinavyopunguza ule uvujaji wa rangi wa swali la 4. Floraiti ni fuwele inayokuzwa kiwandani, na inafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Canon waliiweka kwenye lenzi yao ya 300 f/5.6 mwaka 1969. Lenzi ya 300 kwenda juu isiyo na hata kipande kimoja cha vioo vya aina hii, mimi siinunui.

PF ya Nikon na DO ya Canon ni jambo tofauti: kioo chenye pete ndogondogo zilizochongwa, kinachoifanya lenzi iwe fupi na nyepesi. Nikon 500 f/5.6 PF ya mwaka 2018 haifiki kilo moja na nusu, unaishika mkononi asubuhi nzima. Ina ukali wa kweli. Bei yake ni kwamba jua au taa kali ikiwa ndani ya fremu, zinaweza kutokea pete za rangi kuizunguka.

Na ile rangi nyeupe ya lenzi kubwa za Canon si pambo. Inarudisha joto la jua, kwa sababu vioo na vyuma vikipata moto vinatanuka na fokasi inahama. Kwa jua la Malindi hilo ni jambo la maana.

6. Chati za MTF, zile grafu za ukali wa lenzi, zinasomwaje?

Mchoro wa mistari 10 kwa milimita unaonyesha jinsi lenzi inavyotenganisha giza na mwanga kwa ujumla, wa 30 unaonyesha uwezo wa kuchora vitu vyembamba. Kushoto ni katikati ya picha, kulia ni pembeni, na kadiri mstari unavyokaribia 1 ndivyo lenzi ilivyo bora. Kwa zumu, yaani lenzi inayobadilika urefu, nenda moja kwa moja kwenye chati ya urefu wa mwisho.

Usilinganishe chati za kampuni mbili. Nyingine zimepimwa kwa lenzi halisi, nyingine zimekokotolewa kwa kompyuta, nazo hutoka nzuri kuliko kitu chenyewe.

7. Zumu au lenzi ya urefu mmoja?

Kwa ubora mtupu, urefu mmoja. Vioo vyake ni vichache na vimepangwa kwa kazi moja. Canon EF 400 f/5.6L ni ya mwaka 1993, haina kizuia mtikisiko, na mpaka leo ukiifungua wazi inachora manyoya vizuri kuliko zumu nyingi zilizokuja baada yake. Zumu nyingi hudhoofika mwisho wa urefu wake, na huko mwisho ndiko mpiga picha wa ndege anakoshinda siku nzima.

Lakini pengo limepungua sana. Sony 200-600 ya mwaka 2019 na Nikon Z 180-600 ya 2023 ni lenzi za heshima, na kwa hapa pwani zina faida nyingine: zinakuza ndani kwa ndani, mwili hautoki nje. Lenzi inayorefuka ukiizungusha inavuta hewa kila mara, na hewa ya ufuoni wakati wa kusi ina mchanga na chumvi.

8. Nikibana tundu hadi f/16 picha si itakuwa kali zaidi?

La. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo unatawanyika, na kwa kamera za pikseli nyingi ulaini unaanza kuonekana karibu na f/11. Kwa lenzi ndefu bana hatua moja tu, kama f/5.6 kwenda f/8, halafu mwanga uliobaki uuweke kwenye kasi ya shata, lile pazia la kamera.

9. Telekonvata, kile kipande cha kuongeza urefu kinachokaa kati ya lenzi na kamera, inaharibu picha?

Ya 1.4 inakula hatua moja ya mwanga, ya 2 inakula mbili, na zote hukuza kasoro za lenzi pamoja na ndege. Juu ya 300 f/4 nzuri, ile ya 1.4 inakupa 420 f/5.6 ambayo naikubali bila wasiwasi. Juu ya zumu ya f/6.3 unafika f/9. Kwa kamera nyingi za DSLR (zile zenye kioo cha kuakisi ndani) hapo fokasi ya otomatiki inagoma, na picha inalegea. Afadhali usogee (swali la 2).

## Kuchagua na kununua

10. Nina pesa ya lenzi moja tu. Nichukue ipi?

Inategemea kamera uliyonayo. Kwa Canon DSLR tafuta mtumba wa EF 300 f/4L IS au ile 400 f/5.6L. Kwa Nikon DSLR kuna 200-500 f/5.6 ya mwaka 2015, nzito lakini kali kwa bei yake, au 300 f/4 PF kama unatembea sana. Kwa Sony, 200-600. Mwenye kamera mpya ya Canon asiuze lenzi zake za EF (za DSLR), kwa maana adapta ya kwenda RF (kifungio cha kamera mpya) haina kioo ndani na haipunguzi ubora hata chembe. Zile zumu nyembamba za 75-300 zinazouzwa na kamera kwenye boksi moja ziache. Mwisho wa urefu wake hazina nyoya la kukuonyesha.

Na kama kazi yako ni harusi, usinunue hata moja kati ya hizo. Ukumbini usiku unahitaji 70-200 f/2.8, au 85 na 135 za tundu kubwa. Ngozi ya bibi harusi na nakshi za hina hazihitaji milimita 400, zinahitaji mwanga.

11. Nakaguaje lenzi ya mtumba?

Miaka kadhaa nyuma nilinunua 300 kwa mtu aliyenitumia picha zake kwa simu. Nje ilikuwa safi, hata mkwaruzo hauna. Usiku nyumbani nikazima taa, nikafungua vifuniko vyote viwili, nikamulika tochi ya simu kutoka nyuma kwa kuilaza upande. Ndani kulikuwa na nyuzi nyeupe nyembamba mno, zimeota kutoka ukingoni kwenda katikati kama utando wa buibui uliolala na umande. Kuvu. Siku ya pili nikampiga kunguru juu ya paa, akatoka wa kijivu mwili mzima, wala si shingo tu. Pesa haikurudi.

Kwa hiyo tochi ni ya kwanza, na iwe mahali penye giza. Vumbi kidogo halina neno, lenzi zote zina vumbi. Nyuzi, ukungu wa mafuta au madoa ya upinde wa mvua yana neno. Halafu nenda na kamera yako na kadi yako mwenyewe. Bandika gazeti ukutani, simama lenzi ikilielekea sawasawa, piga ikiwa wazi. Pembe nne zikilegea sawa, hiyo ni tabia ya lenzi. Pembe moja ikilegea peke yake, kioo kimehama ndani, pengine ilianguka, na fundi wa kawaida hawezi kukirudisha. Rudia kwa kitu cha mbali, kwani kuna lenzi zinazopita mtihani wa karibu zikashindwa kwenye mnara ulio kilomita moja.

Kwa DSLR, fokasi ikikosea kidogo kila mara upande ule ule, usiitupe lenzi. Kamera nyingi za daraja la kati kwenda juu zina sehemu ya kuirekebisha. Na usitume pesa kwa M-Pesa kabla hujaishika.

## Hewa, chumvi na mikono

12. Nina lenzi ya maana, mbona picha zangu za Sabaki zimelegea?

Ulipiga saa ngapi? Mara tisa kati ya kumi jibu ni saa 4, saa 5, saa 6. Hewa ilikuwa inachemka. Mchanga na tope hupata moto haraka, hewa inapanda kwa vipande vipande, na kila kipande kinapinda mwanga kivyake. Nina heroe niliowapiga saa 5 asubuhi upande wa pili wa maji, miguu yao imejikunja kama ulimi wa mshumaa upeponi. Nilipiga fremu kumi mfululizo, kila moja miguu imepinda namna yake. Fokasi ilikuwa sahihi na lenzi haina kosa. Ungeleta kioo cha bei ya nyumba, miguu ingejikunja vile vile, ila mikubwa zaidi.

Dawa ni saa na umbali. Kuanzia saa 12 alfajiri hadi saa 2 na nusu hewa bado imetulia. Jioni baada ya saa 10 na nusu joto linashuka na jua limekaa mgongoni mwako ukitazama bahari, na hizo ndizo picha zangu nzuri zote. Siku za mawingu unaweza kupiga mpaka mchana.

Umbali, yaachie maji yakusaidie. Mida maji yakipwa ndege wametapakaa mbali kwenye tope. Yakianza kujaa yanawasukuma hatua kwa hatua kuja kwenye fungu lililobaki. Kaa hapo mapema, chini, tulia. Siku za bamvua maji yanapanda juu zaidi, na wale ndege weupe na weusi wenye mdomo mnene wanaokula kaa wanaweza kuja mpaka ukahitaji kurudi nyuma. Siku za maji mafu wanabaki mbali, na hakuna lenzi itakayowaleta.

Kitu cha mwisho: usiilaze lenzi kwenye mchanga wa moto wala kuiacha ndani ya gari juani halafu utarajie ukali. Na usipige ukiwa umeegemea boneti. Joto la injini linatosha kuharibu picha.

13. Nazuiaje kuvu?

Kuvu inapenda giza, unyevu na hewa iliyosimama, na pwani yetu inazo zote tatu. Begi la ngozi chini ya kitanda ndiyo nyumba yake. Weka lenzi kwenye dishi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na pakiti za silika ndani, nazo uzikaushe rangi ikibadilika. Mchele hausaidii, unaleta vumbi. Zaidi ya yote itumie. Lenzi inayotoka nje kila wiki mara chache huota kitu.

Ukilala kwenye chumba chenye AC, acha lenzi ndani ya begi lililofungwa nusu saa baada ya kutoka. Ukiifungua papo hapo itatoa jasho, na jasho hilo la ndani ndilo linaloialika kuvu.

14. Niweke kichujio cha UV kuilinda?

Kwa lenzi ya 300 kwenda juu, kichujio cha bei rahisi kinakurudisha kwenye zumu ya boksi. Kila kosa dogo la kioo bapa linakuzwa. Weka kofia ya lenzi, inazuia kidole, mchanga na jua la pembeni. Siku ya upepo wa kusi wenye mchanga weka kichujio kizuri au urudi nyumbani.

Chumvi ikikauka kwenye kioo usiifute kavu, ni kama kusugua kwa msasa. Puliza kwanza kwa pampu ya mpira, kisha kitambaa laini na maji ya kusafishia lenzi. Mwili upanguse kwa kitambaa kilichochovywa maji matamu kikakamuliwa sana.

15. Kizuia mtikisiko kinatosha, au nibebe tripodi?

Kinazuia mtikisiko wa mkono wako, hakimzuii ndege. Sheria ya zamani ni kasi isipungue moja chini ya urefu wa lenzi, 1/400 kwa lenzi ya 400. Kwa ndege anayeruka nenda 1/2000. Chomboni, ukifuata nyangumi kati ya Julai na Septemba, sahau tripodi maana inasafirisha mtetemo wa injini mpaka kwenye kamera. Shika mkononi, magoti yalegee, 1/1000 kwenda juu, na lenzi isizidi 400.

Ufuoni tripodi ni rafiki, ila ikanyage mpaka miguu ifike mchanga mgumu. Lenzi za zamani zima kizuia mtikisiko zikiwa juu yake, la sivyo zinatafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuleta zenyewe.

## Yasiyo ya kila siku

16. Ile lenzi ya 500 f/8 yenye kioo cha kujitazamia ndani, bei rahisi sana, vipi?

Haivuji rangi karibu kabisa, kwa sababu inakunja mwanga kwa vioo vya kuakisi. Lakini nyingi hazina fokasi ya otomatiki, picha imepauka, na kila nukta ya mwanga iliyo nje ya fokasi inageuka bangili. Bahari yetu ikimeremeta nyuma ya ndege, utapata ndege mmoja na bangili mia tano.

17. Lenzi ya kubana kwenye simu?

Kwa ukali, hapana. Tumia kamera ndefu ya simu yenyewe ikiwa inayo, na usivuke urefu wake halisi.

18. Nataka kupiga mwezi mwandamo. Lenzi gani?

Mwezi kwenye sensa una upana wa karibu milimita 3.6 kwa lenzi ya 400, na 5.4 kwa ya 600. Hizo zinatosha. Shida ni mahali ulipo: mwandamo uko magharibi, upande wa bara, chini karibu na vilele vya minazi, na unautazama kupitia hewa nene iliyochomwa na jua siku nzima (swali la 12). Hapa lenzi ya tundu kubwa inalipa kuliko lenzi ndefu zaidi, kwa kuwa mwezi wenyewe ni hafifu na anga bado ina mwanga.

Tripodi, kizuia mtikisiko kama nilivyosema swali la 15, tundu wazi, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 800 kwa kuanzia. Kasi isishuke chini ya thumuni ya sekunde (1/8), la sivyo kwa lenzi ya 600 mwezi utaonekana umetembea. Fokasi ya otomatiki itahangaika, hivyo ilenge mnazi wa mbali kabisa jua likiwa bado lipo, kisha uifunge hapo. Mwandamo unakaa muda mfupi tu baada ya jua kuzama. Uwe umeshafunga kila kitu kabla ya adhana ya magharibi.